Mpita Njia na Sarafu Tano

Machi 4, Jumanne

Mvua zimeanza leo, na balaa langu limeanza nazo. Nimerudi kutoka studio nimelowa mpaka soksi, nikamkuta mume wangu sebuleni, simu sikioni, anacheka kile kicheko cha kifuani ambacho mara ya mwisho nilikisikia tukiwa wachumba. Hakuinua hata macho. Nilipomuuliza anaongea na nani akaniinulia kiganja nisubiri, kisha akasema ni mambo ya sarafu tu, mama. Huyo wa kwenye simu alikuwa akimwita "dada yangu mpendwa." Mimi mama. Haya, sawa.

Machi 5

Mvua. Picha za paspoti kutwa nzima. Wateja wote nawaamuru wasitabasamu. Leo mimi sikuwa na haja ya kuamriwa.

Machi 8, Jumamosi

Niandike kinagaubaga, maana moyoni pamejaa. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu wa vitendo. Maneno yake ya kutwa ukiyakusanya hayajazi kikombe. Tangu binti yetu aende chuoni nyumba imekuwa kimya, naye akajiunga na kundi la simu la wapenzi wa sarafu za kale. Sikumkataza. Nilisema afadhali sarafu kuliko pombe. Leo ningechagua pombe.

Kundi linaongozwa na mama mmoja ambaye zamani alikuwa karani wa benki. Mimi nimembatiza Mama Lenzi, kwa sababu kila ujumbe wake wa sauti una "chukua lenzi, kaka yangu, chukua lenzi uangalie vizuri." Ana sauti nzito, ya taratibu, sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Sijawahi kumwona. Nimemtengenezea sura mwenyewe kichwani, na kwa bahati mbaya nimemtengeneza mzuri.

Wanachoking'ang'ania ni seti moja inayouzwa kwenye soko la mtandaoni: sarafu tano za mwaka aliozaliwa mume wangu. Si zile zilizopita mikononi mwa watu. Hizi zilipigwa maalumu, chache, za kuwekwa na kutazamwa. Wenyewe wanaziita prufu. Uwanja wake, yaani sehemu tupu isiyo na picha, unameta kama kioo, na picha iliyo juu yake ni nyeupe kana kwamba imenyunyiziwa unga. Kampuni ya wapimaji ilizikagua, ikazipa alama kati ya sabini, kisha ikafungia kila moja ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti. Bei yake si mchezo, lakini amekuwa akiweka akiba pole pole, na sitamsingizia kwamba ametulaza na njaa.

Kilichoniuma si bei. Jioni nilikuwa nakosha vyombo, nikamsikia akimwambia yule mama kwamba hana picha hata moja ya utotoni. Kwao hawakuwa na kamera, na nyumba aliyozaliwa ilishabomolewa. Akasema, "Sarafu hizo ndizo kitu pekee cha mwaka ule ambacho hakijazeeka. Nataka niuone mwaka wangu ulipokuwa mpya."

Mimi ni mpiga picha. Nimeishi na mtu huyu mpaka najua jino gani linamsumbua kabla hajashika shavu. Neno hilo sijawahi kuambiwa. Nimelisikia kupitia mlango wa jikoni, akipewa mwanamke mwingine. Roho iliniuma mpaka sahani ikaniponyoka ikavunjika, na hakuja hata kuuliza ni nini.

Machi 9

Nimepika bila chumvi, makusudi. Amekula akamaliza, akasema asante.

Machi 12

Shoga yangu, mshonaji wa mlango wa pili kutoka studio, ananicheka mpaka anashika mbavu. Anasema kuna wanawake wanaoibiwa waume na wasichana wa baa, mimi naibiwa na vichenji. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama nimewahi hata siku moja kuitazama hiyo seti inayomkosesha mume wangu usingizi. Nikasema sijawahi. Akasema basi nisilalamike kwamba sialikwi kwenye mazungumzo nisiyoyataka.

Alinichoma, lakini nilipopata nafasi nilifungua tangazo kwenye simu yangu. Nikaona jambo papo hapo. Muuzaji amepiga picha zake kwa taa ya mbele, inayomwagika usoni moja kwa moja. Mimi ndivyo ninavyowafanyia wateja wenye chunusi. Taa ya namna hiyo inasawazisha kila kitu, na kama sarafu ina mikwaruzo myembamba kama unywele huwezi kuiona.

Chini ya tangazo kuna sehemu ya kuuliza maswali hadharani, yeyote asome. Nikafungua akaunti. Ikanitaka jina. Nikafikiri kidogo, nikaandika Mpita Njia. Kisha nikauliza: "Tafadhali piga upya, taa ikiwa ubavuni na sarafu ikiwa imeinama kidogo. Taa ya mbele inaficha makosa."

Nia yangu, nisijidanganye, ilikuwa kumtia muuzaji aibu ili biashara ife.

Machi 13

Hakuna jibu. Mtaro mbele ya studio umefurika, wateja wanaruka kama vyura.

Machi 15, Jumamosi

Leo mume wangu amenisemesha mezani bila kuulizwa. Chakula kimejaa mdomoni, macho yanawaka. Kuna mtu amejitokeza kwenye lile tangazo, anasema, anaitwa Mpita Njia, na amemlazimisha muuzaji kupiga picha upya. Picha mpya zimekuja na sarafu ni safi, hazina mkwaruzo. Hata Mama Lenzi hakuwa amefikiria mambo ya taa. "Yule mtu ana jicho," akasema. "Ana jicho hasa."

Nikamuuliza anadhani ni mtu wa namna gani. Akasema mzoefu, bila shaka mtu mzima, pengine msomi. Nikainamia sufuria ili asinione nikicheka. Nalala nimefurahi kama mwari.

Machi 16

Furaha imekwisha nikiwa bafuni. Miaka yote hii nimepiga picha za kila harusi ya ukoo wake, nikamtoa mjomba wake mlevi akaonekana kama waziri, na hata siku moja hajawahi kuniambia nina jicho.

Machi 20

Nimekuwa mwanafunzi. Mteja akitoka, nasoma. Nimejifunza kwamba sarafu ya prufu haifutwi hata kwa pamba, anayeifuta ameiua. Nimejifunza kwamba matapeli hufungua kasha, hutoa sarafu nzuri, huweka mbovu, kisha hulibana tena kwa gundi. Kasha lililofunguliwa halirudi kuwa zima, mshono wake unabaki na weupe au ukungu. Mpita Njia akauliza: "Onyesha mishono ya makasha yote matano, pande zote, na namba za vyeti zisomeke."

Muuzaji, maskini, naona nimemtoa jasho. Lakini amejibu kwa heshima na ameweka kila kitu.

Machi 21

Mvua.

Machi 24

Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, friji za mtaa mzima zimeungua. Mume wangu ametoka alfajiri, karudi hajiwezi. Kabla ya kuvua viatu ameuliza simu yake iko wapi, aone kama Mpita Njia ameuliza kitu kipya. Nilikuwa nimesimama mbele yake na kikombe cha chai mkononi.

Machi 27

Jioni nzima yeye na Mama Lenzi wanamjadili Mpita Njia. Mama Lenzi anasema anamvulia kofia. Mume wangu anasema angependa siku moja akae naye, wachambue sarafu moja tu, polepole. Nilikuwa nafuma kitambaa nikajichoma sindano.

Sasa nina wivu na wanawake wawili, na mmoja wao ni mimi. Hata shoga yangu hili siwezi kumwambia, atapasuka.

Aprili 2, Jumatano

Leo Mama Lenzi amekuja studio.

Sikumtambua. Aliingia kibibi chembamba chini ya mwavuli mkubwa kuliko yeye, fimbo mkono mmoja, akataka picha ya kadi ya hospitali. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwomba ainue kidevu. Akasema, "Mwanangu, huna lenzi nyingine? Hii itanionyesha makunyanzi yote." Ile sauti. Nzito, taratibu, isiyokatizwa. Nilishikwa na butwaa mpaka nikasahau kubonyeza.

Mikono yake inatetemeka. Si kidogo, inatetemeka hivi kwamba ilibidi nimfungie kifungo cha blauzi. Nikamuuliza anajishughulisha na nini, nikijifanya hamnazo. Akasema anapenda sarafu za kale, ingawa siku hizi hawezi tena kuishika hata moja, anazitazama zikiwa mezani. Akasema kuna kijana mmoja kwenye kundi lao anayempigia kila jioni. Kijana! Mume wangu ana ndevu nyeupe. Watoto wake mwenyewe, akasema, humpigia sikukuu kwa sikukuu.

Nikamuuliza huyo kijana hana mke? Akasema anaye, ila mama wa watu ana kazi nyingi, akirudi amechoka, na mume hataki kumchosha zaidi kwa mambo ya vyuma.

Nilikuwa nimemshika kidevu huku akisema hivyo, namgeuza kwenye mwanga. Nikampiga picha nzuri kuliko nilivyokusudia. Nilimpunguzia makunyanzi kidogo tu, abaki yeye. Alipotoka nikamfungulia mwavuli, nikamvusha mtaro.

Wivu haukuisha. Ulikosa tu pa kukaa.

Aprili 4

Nimemaliza ukaguzi. Kampuni ya wapimaji ina ukurasa ambapo ukiingiza namba ya cheti inakuletea picha ya sarafu waliyoipima siku ile. Nimeziingiza zote tano. Kila doa, kila kivuli cha ukale ukingoni, vinalingana na picha za muuzaji. Mishono mizima. Alama ni za kweli. Nimeikagua seti hii kuliko nilivyomkagua mume kabla ya kuolewa.

Na nitasema ukweli, ni nzuri. Ile kubwa, kwenye picha iliyopigwa ikiwa imeinama, kioo chake kinageuka cheusi kabisa na maandishi yanasimama juu yake. Nilijikuta nimeitazama mpaka mteja akakohoa.

Nimekata shauri kumwambia Jumapili. Nitampikia, kisha nitasema: Mpita Njia anashauri ununue.

Aprili 5, Jumamosi

Sikungoja Jumapili. Au niseme Jumapili haikuningoja.

Mchana simu ililia, ujumbe wa faragha kwa Mpita Njia. Umetoka kwa mume wangu. Nimeunakili hapa ili nisije nikajisingizia kwamba nilisoma vibaya:

"Ndugu Mpita Njia, samahani kwa usumbufu. Nimefuatilia maswali yako yote. Nataka kununua ile seti, lakini akiba yangu ni ya mara moja, nikikosea sina nyingine. Nyumbani sina wa kuzungumza naye mambo haya. Nakuamini wewe. Ungekuwa wewe, ungenunua?"

Nyumbani sina wa kuzungumza naye.

Nilisoma mstari huo mmoja tu, tena na tena, nao ukafunika mingine yote. Damu ilinichemka. Nyumbani hana mtu. Nyumbani kuna nini basi, kabati? Angeniuliza lini akanyimwa jibu? Alihukumu mwenyewe kwamba nimechoka, akaandika hukumu hiyo, akampelekea mtu asiyemjua. Kwa Mama Lenzi nilikuwa na kazi nyingi. Kwa Mpita Njia sipo kabisa.

Nikamjibu: "Acha. Mshono wa kasha la tatu haunipendezi. Huenda limefunguliwa."

Uwongo mtupu. Ule mshono ulikuwa mzima kama siku ulipofungwa. Nilibonyeza haraka, kabla hasira haijapoa, kwa sababu nilijua ikipoa sitabonyeza. Akajibu palepale: "Mungu akubariki."

Aprili 6, Jumapili

Mvua. Sikupika.

Aprili 10

Ameniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ile seti ameiacha. Mtu anayemwamini ameona dosari. Bora ameambiwa mapema, akasema, wengine wanaambiwa wameshaumia. Kisha akainuka akakosha vyombo, kitu ambacho hajafanya tangu nilipojifungua. Nilimtazama mgongo. Nikajiambia ni vyuma tu, mtu hafi kwa kukosa vyuma.

Aprili 12

Hapigi simu wala hachungulii simu. Kila jioni amekaa nami sebuleni, wangu peke yangu, kama nilivyotaka. Ni kama kukaa na friji iliyochomolewa. Ukimsemesha anaitikia, ukinyamaza ananyamaza. Leo amenitajia kwamba mvua ni nyingi mwaka huu.

Aprili 14

Nilifungua tangazo ili nione kama bado ipo. Nilijiambia kama ipo nitasema leo leo. Ipo. Sikusema. Nilikuwa na wateja.

Aprili 16

Imeandikwa "Imeuzwa."

Aprili 19, Jumamosi

Amenijia jikoni na simu mkononi, akanionyesha. Mara ya kwanza kabisa kunionyesha kitu humo ndani. "Hebu tazama," akasema, "na wewe uniambie kama nina wazimu."

Ni picha kwenye kundi lao. Sarafu tano juu ya kitambaa cheusi, na nyuma yake Mama Lenzi ndani ya kiti chake, anacheka. Ameinunua yeye. Ameandika kwamba aliposikia kaka yake amejitoa alisikitika, lakini hakuona sababu ya kuiacha ipotee. Amempelekea mtaalamu, naye amethibitisha makasha yote ni mazima. Na mwisho: "Shukrani kwa Mpita Njia. Maswali yake ndiyo yaliyonipa moyo."

Mume wangu alikuwa amepauka. Alianza kuhesabia mambo kwa vidole: Mpita Njia alimwambia aache, Mama Lenzi akanunua, Mama Lenzi anamshukuru Mpita Njia. Wamemzunguka. Walikuwa lao moja tangu mwanzo, wamemcheza shere, na yeye akiwaita ndugu. Sijawahi kumwona akimchukia mtu, na leo nimemwona.

Saa za jioni simu yake ililia. Mama Lenzi. Akaitazama mpaka ikakata. Ikalia tena. Nilifikiria ile mikono inavyohangaika kubonyeza namba. Mwezi uliopita ningetoa sadaka kuusikia mlio ule ukikosa mtu wa kuupokea. Leo nilitoka nje nikasimama mvuani.

Aprili 20, Jumapili

Alasiri nilikuwa namenya viazi, simu ikatikisika kwenye pindo la kanga. Yeye alikuwa sebuleni, mlango uko wazi, naona visigino vyake.

"Mpita Njia. Kasha lilikuwa zima, na wewe ulijua. Mimi hata sikujui. Nimekukosea nini?"

Hakuna tusi, hakuna laana. Angetukana ningepata pa kushika. Nikaandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Mwishowe nikatuma haya: "Uliandika kwamba nyumbani huna wa kuzungumza naye. Niko jikoni."

Nikasikia simu yake ikilia kule. Visigino vikatulia. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, kwa hiyo sikumsikia akija. Niliinua tu kichwa nikamwona amesimama mlangoni, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa.

"Wewe?"

"Mimi."

"Yale maswali yote?"

"Yote."

"Na lile jibu?"

"Na lile jibu."

Akakaa kwenye kigoda, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Nilianza na lililo jepesi kusema: kwamba Mama Lenzi hana kosa, ampigie leo leo, ni bibi wa watu anayetetemeka mikono na hajui lolote. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kwa nini. Nikasema wivu. Nilidhani nina maelezo marefu, kumbe ni neno hilo moja.

"Wivu na ajuza?"

"Kwanza na yeye. Halafu na Mpita Njia. Halafu na wewe, kwa kuwa na kitu unachokitamani hivyo bila mimi."

Alikaribia kucheka, kicheko kikaishia njiani. Akajifuta uso kwa kiganja. Akasema hakutaka kunichosha. Nikamwambia hakuwahi kuuliza kama nimechoka. Akasema ni kweli. Halafu akasema, si kwangu hasa, ni kama anasema na viazi: "Mimi nilitaka kuziona tu."

Niliomba msamaha hapo, lakini nilijua haukumfikia. Nikamwambia kwamba hakuna mtu aliyezitazama sarafu zile kuliko mimi, hata mwenye nazo sasa. Ninazo zote kichwani. Akitaka nitamweleza.

"Nieleze basi," akasema, macho sakafuni. "Moja moja. Na safari hii usinidanganye."

Nikaweka kisu chini. Nikamweleza, uso na mgongo, wapi kioo kinageuka cheusi, wapi unga ni mzito, wapi ukale umeanza kutia rangi ukingoni na jinsi rangi hiyo inavyopendeza. Aliuliza maswali mazuri. Tulipofika ya tano alikuwa analia. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, akauondoa wake. Lakini hakuinuka, na aliponyamaza aliniambia nirudie ile ya tatu, niliyoisingizia.